Mkataba wetu uko WhatsApp tu na sasa mteja anakataa deni, je nina kesi?

"Wakili habari za kazi. Mimi nafanya biashara ya nafaka hapa Arua. Nina mteja wa Kisenyi, Kampala, tumeshafanya kazi naye mara kadhaa bila shida. Mwezi wa tatu akaniandikia WhatsApp anataka maharage magunia 30. Nikamwandikia gunia la kilo 100 ni shilingi 300,000, jumla 9,000,000, alipe ndani ya wiki mbili mzigo ukifika. Akajibu kwa ile alama ya dole gumba halafu akaandika 'pakia'. Nikapakia. Mzigo ukafika, akanitumia voisi kwamba ameupokea na uko sawa, akatuma 2,000,000 kwa simu, kisha kimya. Nilipombana akanitumia picha ya karatasi ya kibanja chake cha Wakiso akaandika 'chukua hiki, kuanzia leo ni chako, tumemaliza'. Mimi sikujibu. Sasa nasikia kibanja hicho hicho bado anakitembeza kwa madalali. Nilipomwambia nataka pesa yangu akafuta meseji nyingi, na anasema WhatsApp siyo mkataba, hakuna sahihi, hakuna stempu ya LC, na hata laini anayotumia iko kwa jina la mke wake kwa hiyo niende popote. Je, nina kesi? Na kibanja ni changu? Jirani ameniambia niende UCC wanitolee meseji zote, ni kweli?"

Dada yangu, pole sana. Milioni saba kwa mtu wa nafaka ni msimu mzima, na naelewa kinachokuumiza zaidi ni kuambiwa kwamba ulikuwa mjinga kuamini simu badala ya karatasi. Hukuwa mjinga. Biashara kati ya Arua na Kampala siku hizi inafanyika hivyo hivyo ulivyofanya wewe, na sheria yetu inalijua hilo tangu zaidi ya miaka kumi iliyopita. Nikujibu moja kwa moja kabla sijaeleza: kwa maharage una kesi, tena nzuri. Kwa kibanja, yaani ile haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo mwenye hati yake ni mtu mwingine, usihesabu kwamba una kitu. Kuhusu UCC, yaani tume ya mawasiliano ya Uganda, jirani yako amekupotosha ingawa nia yake ni njema.

Nianze na hili la "WhatsApp siyo mkataba" maana nalisikia karibu kila wiki, na linasemwa na watu wenye sauti kubwa sana. Uganda ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011, ilitungwa pamoja na Sheria ya Sahihi za Kielektroniki ya mwaka huo huo. Ya kwanza inasema wazi kwamba habari haiwezi kunyimwa nguvu ya kisheria kwa sababu tu iko katika ujumbe wa kielektroniki, na mkataba hauwezi kukataliwa kwa sababu tu ulifungwa kwa ujumbe kama huo, iwe wote au sehemu yake. Hayo hawakuyabuni Kampala. Msingi wake ni sheria ya mfano iliyoandaliwa na tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, UNCITRAL, mwaka 1996, na nchi nyingi duniani zimejenga sheria zao juu ya mfano huo huo. Kwa hiyo mteja wako anabishana na kitu kikubwa kuliko wewe.

Wazo lililoko chini ya sheria hizi ni rahisi ukilishika. Waliotunga walijiuliza, hivi karatasi inatufanyia kazi gani hasa? Karatasi inakumbuka kilichosemwa ili mtu aweze kurudi kukisoma kesho. Inaonyesha nani alikubali. Na inaonyesha kama kuna mtu amechezea maneno baadaye. Basi wakasema kitu chochote cha kielektroniki kinachofanya kazi hizo kwa kiwango cha kuaminika kipewe heshima ile ile ya karatasi. Haijalishi kama ni imeili, SMS au WhatsApp, kinachoangaliwa ni kazi inayofanywa. Ndiyo maana swali la maana kwako siyo "je, meseji ni mkataba?" hilo limeshajibiwa, swali ni "je, naweza kuthibitisha kwamba meseji hizi ni zake na hazijaguswa?" Hapo ndipo kesi yako itashinda au itaanguka, na nitakaa hapo muda mrefu kidogo.

Lakini kwanza kuna kitu mteja wako angeweza kukibishia kwa haki kidogo kama angekijua. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010, kifungu cha 10, inataka mkataba wa thamani inayozidi pointi 25 za fedha uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000 kwa hiyo tunazungumzia chochote kinachozidi shilingi 500,000. Mkataba wako ni wa milioni tisa, umepita mbali. Watu wakisikia "maandishi" wanakimbilia kufikiria karatasi, kalamu, mashahidi wawili na stempu. Soma kifungu hicho hicho hadi mwisho, kinasema mkataba ni wa maandishi ukiwa katika umbo la ujumbe wa data, alimradi unaweza kufikiwa na kutumika kwa rejea baadaye. Meseji yako ya magunia 30, bei 300,000, jumla 9,000,000, wiki mbili, ni maandishi. (Namba za vifungu zimesogea kidogo kwenye toleo jipya la sheria zetu lililoanza kutumika Julai 2024, kwa hiyo ukiona wakili anataja namba tofauti na yangu usishtuke, maneno ni yale yale.)

Stempu ya LC1, baraza la kijiji, nayo watu wengi wanaiheshimu kuliko sheria yenyewe. Mwenyekiti wa LC akigonga stempu anathibitisha tu kwamba alikuwepo na anawajua wahusika, ni shahidi mzuri na ninawahimiza watu wamtumie, ila mkataba wa kuuziana maharage hauzaliwi na stempu yake. Unazaliwa pale mmoja anapotoa ofa na mwingine anapokubali, kwa nia ya kufungana, na kuna kitu cha thamani kinachobadilishana mikono.

Sasa je, alikubali? Dole gumba linatosha? Kuna kesi ya Kanada, jimbo la Saskatchewan, mwaka 2023, inafanana na yako hadi inashangaza. Mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa mbegu za kitani kwa meseji akamwomba athibitishe, mkulima akajibu kwa dole gumba, halafu hakuleta mzigo. Akajitetea kwamba alimaanisha tu ameuona mkataba, hakumaanisha amekubali. Hakimu akaangalia mikataba yao ya nyuma, jinsi walivyozoea kukubaliana kwa majibu mafupi mafupi ya simu kama "sawa" na "ndiyo" na kazi inaendelea, akasema lile dole ni kukubali, mkulima akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Mahakama ya rufaa ikaunga mkono mwaka 2024. Hukumu ya Kanada haimfungi hakimu wa Uganda, inaweza tu kumshawishi, lakini wewe una zaidi ya dole gumba. Una neno "pakia". Una mzigo uliopokelewa. Una milioni mbili zilizolipwa. Mtu hatumi milioni mbili kwa mzigo ambao hakuununua. Sheria yetu ya mikataba inakubali pia kwamba makubaliano yanaweza kuonekana kwa vitendo vya wahusika, na vitendo vyake vinapiga kelele.

Na sahihi? Kwa mkataba wa kuuziana bidhaa kama wako sheria haidai mtu apige sahihi kama ya benki, inadai maandishi. Hata pale sahihi inapotakiwa, Sheria ya Sahihi za Kielektroniki inatambua data iliyounganishwa na ujumbe inayoweza kumtambulisha aliyeutuma, jina lililochapwa mwisho wa meseji linaweza kufanya kazi hiyo. Zipo pia sahihi za kiwango cha juu zenye cheti, NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, ndiyo inayosimamia watoa huduma wake, hizo zina uzito mkubwa zaidi mahakamani kwa sababu ni vigumu mtu kuzikana. Kwa magunia 30 hukuzihitaji. Kwa mkataba wa kusambazia shule nzima chakula mwaka mzima, zifikirie.

Basi tuje kwenye ushahidi. Sheria ya 2011, kifungu cha 8, inasema mahakama isikatae ushahidi wa kielektroniki kwa sababu tu ni wa kielektroniki, au kwa sababu tu siyo nakala halisi ya mwanzo. Lakini inamwekea mzigo yule anayeuleta: wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha kwamba kitu hicho ndicho unachosema ni. Halafu hata kikipokelewa, hakimu anapima uzito wake, anaangalia ujumbe ulitengenezwa na kutunzwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, uadilifu wake ulilindwaje, na mtumaji alitambulikaje. Hivi ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya sana, kupokelewa na kuaminiwa. Skrinishoti mbili zilizokatwa katikati zinaweza kupokelewa na bado zisiaminiwe hata kidogo, kwa sababu kila mtu mwenye simu anajua skrinishoti inatengenezwa kwa dakika tano.

Kwa hiyo dada yangu, kuanzia leo hiyo simu ni ushahidi. Usiiuze, usiipeleke kwa fundi kuiflashi, usitoe WhatsApp na kuiweka upya, usibadilishe namba. Ingia kwenye mazungumzo yenu, tumia ile sehemu ya kuhamisha mazungumzo yote pamoja na picha na voisi, ujitumie kwenye imeili yako. Ile faili inatoka na tarehe na saa ya kila meseji. Kabla ya hapo badilisha jina ulilomsevia, kama umemsevia "Mteja Kisenyi" futa hilo jina kwenye simu ili ionekane namba yenyewe, maana "Mteja Kisenyi" ni jina ulilolitunga wewe na wakili wake atalishambulia. Kisha chapa mazungumzo yote. Nasisitiza yote, pamoja na zile siku ulizomtukana kwa hasira, kama zipo. Ukitoa kurasa nzuri tu na upande wa pili ukaleta zile mbaya, hakimu ataanza kujiuliza ni nini kingine umeficha, na hiyo hasira yako inaeleweka na kila binadamu, kuficha ndiko hakueleweki.

Meseji alizofuta zinakutia wasiwasi lakini siyo mwisho wa dunia. Kwanza, anapofuta kwa wote, kwenye simu yako panabaki alama kwamba ujumbe ulifutwa, na kufuta kwa wingi siku ile ile unayodai pesa ni jambo linaloongea lenyewe. Pili, pale ulipomjibu kwa kunukuu meseji yake, mara nyingi ile nukuu inabaki ndani ya jibu lako hata baada ya yeye kufuta, pitia taratibu utafute hizo. Tatu kuna bakapu. Simu za Android zinahifadhi ndani ya simu yenyewe bakapu za siku saba za mwisho, na inaweza kuwepo nyingine Google Drive, bakapu iliyofanyika kabla hajafuta inaweza kuwa bado na meseji zake. Ila usijaribu kuirudisha mwenyewe, kuirudisha kunataka uondoe programu na kuiweka upya na unaweza kupoteza zilizobaki. Tafuta mtu anayejua, fanya haraka kwa sababu bakapu mpya zinasukuma za zamani, na mtu huyo aandike alichofanya hatua kwa hatua, huenda akahitajika kuja kueleza mbele ya hakimu.

Hapa ndipo naingiza la UCC. Tume ya mawasiliano haina meseji zako za WhatsApp, MTN na Airtel hawana, na hata kampuni yenyewe ya WhatsApp haziweki kwenye mitambo yake zikishafika kwa mpokeaji, tena njiani zimefungwa kwa namna ambayo ni simu yako na yake tu zinaweza kuzisoma. Mtu akikuambia anaweza kukutolea meseji zilizofutwa UCC umpe laki tatu, huyo ni tapeli mwingine na umeshapata mmoja anatosha. Kampuni ya simu inacho kingine kinachokufaa: inajua laini imesajiliwa kwa nani, inajua simu zilizopigwa kati yenu lini na dakika ngapi, na ina rekodi ya pesa. Za kwako mwenyewe unazipata kwa kwenda kwenye ofisi yao na kitambulisho, omba taarifa ya pesa za simu iliyogongwa muhuri inayoonyesha ile 2,000,000 kuingia na malipo yote ya nyuma kutoka namba ile. Za kwake zitahitaji amri ya mahakama. Rekodi ya kampuni ya simu ina sifa moja nzuri sana kisheria: ilitunzwa katika kazi ya kawaida na mtu asiyekuwa upande wowote wa kesi, na sheria ya 2011 inaipa rekodi kama hiyo dhana ya kuaminika hadi mtu alete sababu ya kuipinga. Kati ya karatasi zako zote hii nadhani ndiyo itakayomtoa jasho.

Laini kuwa na jina la mke wake ni kisingizio cha kawaida hapa kwetu, maana nusu ya watu ninaowajua wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha ndugu. Sheria inauliza ujumbe ulitumwa na nani au na mtu mwenye mamlaka ya nani, haiishii kwenye jina la usajili. Utalithibitisha kwa kuunganisha vipande: sauti yake kwenye voisi, picha yake kwenye wasifu, anwani aliyotoa ambapo dereva alipeleka mzigo, dereva mwenyewe aliyempigia kwa namba hiyo akamkabidhi magunia mkononi, wabebaji waliopokea, safari za nyuma ambazo namba hiyo hiyo iliagiza na kulipa. Kama kuna stakabadhi ya mzigo yenye namba hiyo itafute hata kama imelowa mafuta. Mwandike dereva leo, umwombe akumbuke tarehe na mahali, kumbukumbu za watu zinaoza haraka kuliko maharage.

Voisi zake zitunze, ni rekodi iliyohifadhiwa na inaingia kama ushahidi mwingine wowote. Ila nisikudanganye, kwa sharti lile la maandishi usiegemee voisi, hapo mawakili wanaweza kubishana. Bahati yako masharti ya mkataba yako kwenye maandishi na voisi inathibitisha tu kupokea. Andika kila voisi neno kwa neno na tarehe yake. Na kwa kuwa mliongea Kiswahili, huenda na Kiganda kidogo, mtahitaji tafsiri ya Kiingereza kwa mahakama, ifanywe na mtu mwenye ujuzi asiyekuwa na maslahi kwenye kesi, siyo wewe wala binti yako aliyemaliza chuo.

Sasa kibanja, na hapa naomba usome polepole.

Ile sheria ya 2011 inayotambua meseji imejiwekea mipaka yenyewe. Imesema haihusu wosia na nyongeza zake, amana inayoundwa na wosia, hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukuwakilisha, hati zinazounda au kuhamisha haki katika mali na zinazohitaji kusajiliwa ili ziwafunge watu wengine, na hati za fedha zinazohamishika kama hundi. Vitu hivi wameviacha kwenye karatasi kwa makusudi, kwa sababu ni mambo ambayo mtu akidanganya hapati hasara mmoja tu, wanaumia watu ambao hata hawakuwepo kwenye mazungumzo, warithi, mke, mnunuzi wa pili, benki.

Wakili mjanja anaweza kukuambia kibanja hakina taito, yaani hati miliki, kwa hiyo hakisajiliwi, basi mpaka huo haukuhusu. Inawezekana kubishana hivyo. Lakini hata ukishinda ubishi huo bado uko pabaya, maana sehemu kubwa ya Wakiso ni ardhi ya mailo, ambayo ina mwenyewe mwenye hati juu ya wenye vibanja, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtaka mwenye kibanja aombe ridhaa ya mwenye ardhi kabla ya kukihamisha, bila hiyo uhamisho hauna nguvu. Na kama familia yake inaishi hapo au inakula kutoka hapo, mke wake lazima aridhie. Picha ya karatasi na maneno "ni chako" havina hata moja kati ya hayo. Usitume mtu akaweke mawe ya mpaka, usimlipe mlinzi, usimwambie dalali chochote. Ukikipokea utabadilisha deni safi la milioni saba kuwa mgogoro wa ardhi, na mgogoro wa ardhi Wakiso unaweza kukuzika.

Hata hivyo ile meseji ya kibanja ni zawadi aliyokupa bila kujua. Mtu hatoi kibanja bure, ametoa kwa sababu anadaiwa, kwa hiyo amekiri deni kwa maandishi yake mwenyewe. Hatari iko kwenye neno "tumemaliza", anaweza kuja kudai kwamba mlimalizana kwa kibanja na ukimya wako ni kukubali. Kwa hiyo leo, kabla hujalala, mwandikie kwenye WhatsApp hiyo hiyo kwa upole: sijakubali kibanja badala ya pesa, nakudai shilingi 7,000,000 kwa magunia 30 ya maharage uliyopokea tarehe fulani, naomba ulipe ndani ya siku 14. Usitukane, usitishie. Ukiona alama mbili za tiki hata kama siyo za buluu usijali, kisheria ujumbe huhesabika umepokelewa unapoingia kwenye mfumo wa mpokeaji, siyo anapoamua kuufungua. Barua ile ile ichape, mpelekee na kwa mkono, na mtu wa kushuhudia.

Asipolipa, njia ninayokupendekezea ni utaratibu wa madai madogo mahakamani. Upo kwa kanuni za 2011, unahusu madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na wewe unadai saba. Mawakili hawasimami humo, unajieleza mwenyewe, ada ni ndogo na kesi haizunguki miaka. Barua ya madai ya siku 14 niliyokuambia ndiyo hatua yake ya kwanza kwa hiyo hutapoteza muda. Kumshtaki Kampala ni rahisi zaidi kwa sababu yeye anaishi huko, mahakama ya Mengo haiko mbali na Kisenyi, lakini muulize kwanza karani wa mahakama ya Arua kama unaweza kufungulia huko. Kuna hoja ya kuijengea: sheria inahesabu ujumbe wa kielektroniki umetumwa kutoka mahali pa biashara ya mtumaji, hata kama siku ile ulikuwa ndani ya basi Karuma meseji yako imetoka Arua. Hoja hiyo haina uhakika wa kushinda, ndiyo maana nasema uliza kabla ya kulipa nauli ya mashahidi. Mahakama ya LC haiwezi kuamua deni la ukubwa huu kwani mamlaka yake kwa madeni yanaishia milioni mbili, ila mwenyekiti wa huko anaweza kuwakalisha mzungumze, na kama mteja anaona aibu mbele ya majirani zake hiyo peke yake imewahi kuleta pesa.

Polisi nakushauri uende kwa tahadhari. Kutolipa deni siyo jinai. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni jinai, lakini lazima ionekane alikuwa na nia ya kukudhulumu tangu mwanzo, na mtu aliyekulipa vizuri mara kadhaa na akatuma milioni mbili ni vigumu kumfikisha huko. Pia wanaweza kuchukua simu yako kama kielelezo, basi usiende kabla hujahamisha mazungumzo yote na ukienda udai stakabadhi ya simu. Na jambo moja naomba unisikilize hata kama una hasira: usimposti Facebook na picha yake na neno mwizi, na usimtume kijana yeyote aingie kwenye simu yake au akaunti yake kutafuta ushahidi. La kwanza linampa kesi ya kumchafulia jina, la pili ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, na wewe uliyekuwa mdai unakuwa mshtakiwa.

Muda unao, madai ya mkataba yana miaka sita, lakini simu haina miaka sita.

Kuna hali ambazo maelezo yangu ya hapa hayatoshi na lazima ukae na wakili uso kwa uso. Kama umewahi kujibu lolote kuhusu kibanja, hata "sawa" tu, au uliongea naye kwa simu ukaonekana kukubali, nenda kabla hujamwandikia ile meseji. Kama akikujibu kwamba maharage yalikuwa mabovu na anakudai wewe, nenda. Kama deni lako halisi pamoja na mizigo mingine linapita milioni 10, nenda, maana utaratibu wa madai madogo hautakubeba. Na kama mtu mwingine atajitokeza na karatasi ya kibanja hicho hicho akidai wewe ndiye muuzaji au mnunuzi, nenda siku hiyo hiyo. Huna pesa ya wakili? FIDA, chama cha mawakili wanawake, wanasaidia wanawake, Justice Centres Uganda wako kwenye mahakama kadhaa, na chama cha mawakili kina huduma ya msaada wa kisheria. Nenda na simu yenyewe ikiwa na chaji, chaja mfukoni, mazungumzo yaliyochapwa yote, taarifa ya pesa za simu yenye muhuri, na namba ya dereva. Simu aione wakili mbele yako, usimwachie.

Na wateja wako wengine, hao wanaolipa vizuri, anza nao utaratibu mpya msimu huu. Kabla ya kupakia tuma meseji moja yenye kila kitu: jina kamili lako na lake, bidhaa, idadi, uzito wa gunia, bei, jumla, siku na mahali pa kupokea, siku ya kulipa, na nani anabeba hasara mzigo ukinyeshewa njiani. Mwombe ajibu "Nakubali" na jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Zima ile sehemu ya meseji kujifuta zenyewe. Mteja mwaminifu hatakasirika, ataandika hilo neno na jina lake na lori litaondoka.